Jua Lilipoingia Kondoo

Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa tarehe moja Januari, kama nusu ya watu wa Isiolo. Mwalimu aliyeniandikisha shule aliniangalia meno, akamwangalia mama, akaandika alichotaka. Kwa hesabu hiyo nyota yangu ni Mbuzi. Lakini mama amesema siku zote kwamba nilizaliwa matone ya kwanza ya masika yalipokuwa yakipiga ngozi za nyumba yetu, na masika kwetu huanza mwishoni mwa Machi au hayaanzi kabisa. Kwa hiyo mimi ni Kondoo. Nilijichagulia nyota mwenyewe na sioni haya. Mwaka ninaousimulia hapa sikuwa na mambo mengi ya kujichagulia.

Ni mwaka ambao ndugu yangu alipotea. Alikuwa mdogo wangu, ndugu pekee niliyekuwa naye, na ndiye aliyechunga mbuzi wetu na ng'ombe wa mjomba upande wa Kipsing. Mvua fupi ilikuwa imetunyima, mifugo ya kila kabila ikasukumana kwenye maji yale yale, maneno yakaanza, na asubuhi moja risasi zikalia. Watu walitawanyika. Baadaye waliokimbia walirudi, waliokufa wakaokotwa, na wote wakajulikana ni nani. Yeye tu hakuonekana, wala shuka yake, wala kile kigoda alichokuwa akikalia mchana na kulalia kichwa usiku. Mmoja wa waliokuwa naye alisema alimwona akikimbia kushuka lagani, kwenye mto mkavu. Habari yake iliishia hapo.

Mama alihama Kipsing akaja kukaa kwangu Bulla Pesa, katika chumba kimoja cha kupanga, ndani ya ploti yenye choo kimoja na ugomvi wa maji kila asubuhi. Nilimwachia kitanda, mimi nikalala chini. Hakukitumia sana. Alikaa mlangoni, mgongo ukiegemea fremu, akisikiliza kila gari na kila kiatu. Mtu akibisha geti alisimama. Alisimama hata kwa mwenye nyumba, hata kwa wauza sufuria. Kumtazama mama akisimama hivyo, kisha akikaa tena polepole huku akijifanya alikuwa ananyoosha miguu, ni kitu ambacho sitamtakia adui.

Serikali ilikuwa imeletwa karibu, ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa tangu kaunti zianze. Niliikuta karibu kweli. Nilitoka kazini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilikokuwa napokea pesa za wateja, nikatembea kidogo tu na nikawa mbele ya ofisi. Ofisi moja ilinituma kwa nyingine. Nyingine iliniuliza kama nina picha. Nikapeleka picha. Wakaniuliza kama nina nyingine ambayo hakucheka. Ndugu yangu alicheka katika kila picha, huo ndio ulikuwa uso wake, ningeitoa wapi ya kununa? Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi, nikamfokea mama kwa sababu ya chumvi kwenye ugali.

Kila niliposikia kuna mwili umeletwa mochari, nilienda. Mama hakujua. Nilikuwa nafunguliwa mlango, naangalia uso wa mtu asiyenihusu, natoka nje na kutapika au kutotapika. Wakati wa kwenda niliomba asiwe yeye. Baada ya miezi kadhaa nilijikuta naomba awe yeye. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kusoma watu wanaoandika kana kwamba mapenzi hayachoki. Nilitaka apatikane amekufa, tulie, tumalize, nilale.

Na kulikuwa na mwanamume. Tulikuwa tumekubaliana kuoana kabla ya haya yote, na watu wake walikuwa wameshaulizia mifugo. Lakini baba yangu alikuwa amekufa zamani, na wa kupokea ng'ombe wa mahari na kuwagawa alikuwa ni ndugu yangu. Harusi gani ingefanyika wakati mwenye kupokea yuko porini, hatujui ni mzima au ni mifupa? Mwanamume alingoja. Alingoja vizuri, sina la kumlaumu. Kisha simu zake zikawa fupi, zikawa salamu, zikawa kimya.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni emuron, mtu wa kuota ndoto na kuona mambo kwa wengine. Alitusomea mara mbili. Mara ya kwanza alichinja mbuzi, akatandaza utumbo juu ya majani, akauchunguza kwa kidole, akasema anaona njia ambayo haijafungwa. Mara ya pili alivua akala zake, vile viatu vya matairi, akazirusha juu, zikaanguka chini, akainama kutazama jinsi zilivyolaliana. "Anatembea," alisema. "Mtu wenu anatembea." Mama alirudi mjini na neno hilo akalila asubuhi, mchana na jioni. Anatembea. Mimi nilimchukia mjomba kwa ajili ya neno hilo. Kama anatembea, anatembea kwenda wapi, na kwa nini hafiki?

Lakini ningemcheka vipi, na mimi nilikuwa na wangu? Kwenye simu yangu kulikuwa na ukurasa wa mwanamke aliyeandika nyota za kila siku kwa Kiswahili cha magazeti. Sijui alikaa wapi. Alikuwa anazungumzia majira ya machipuko, theluji kuyeyuka na maua kutokeza, kwa hiyo hakuwa jirani yetu. Kwetu Machi ni vumbi na upepo unaocheza na mabati, na mbuzi wanaotafuna makatoni nyuma ya soko. Hata hivyo nilimsoma kila siku kaunta ilipokuwa haina mteja, na asubuhi nilimsomea mama tukinywa chai. Mama aliuliza, "Leo nyota yako imesema nini?" kama mtu anayeuliza kama kuna mawingu. Nilimwambia. Alitikisa kichwa kwa heshima. Hakuwahi kudharau mtu anayesoma chochote, awe anasoma kwenye utumbo au kwenye simu.

Machi ilipofika katikati, yule mwanamke akaanza kutangaza siku moja kama harusi. Siku hiyo, aliandika, mchana na usiku vitalingana, jua litaingia katika nyota ya Kondoo, na huo ndio mwaka mpya wa kweli. Nilicheka peke yangu. Isiolo karibu inakanyaga ikweta. Mchana na usiku kwetu hulingana mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kutupongeza. Lakini niliendelea kusoma, na kicheko kikaisha. Watu wa Kondoo, aliandika, mmebeba watu wengine kwa muda mrefu. Sasa jiwekeni mbele. Kilichokufa kiacheni kiende. Siku hiyo badilisha kitu kimoja mwilini mwako, kitu ambacho kila mtu atakiona, ili dunia ijue umeanza upya.

Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama kati ya mifuko ya saruji, na nikalia hadi mwenye duka, mzee Msomali wa familia za askari wa zamani walioletwa Isiolo na Wazungu, akaja kuuliza kama nimeibiwa. Nilimwambia ni vumbi la saruji. Alisema inna lillahi, akaniletea maji, akarudi kwenye misumari yake.

Sijui kama mtu ambaye maji hayajawahi kumfika shingoni ataelewa. Sikuamini nyota. Sikuzikataa pia. Nilikuwa nimetafuta mtu yeyote, mahali popote, wa kuniambia kwamba ninaruhusiwa kuishi, na hakuna aliyesema ila mwanamke huyo wa theluji. Kanisani waliniambia nivumilie. Ofisini waliniambia nirudi. Nyumbani mama alisimama na kukaa, akasimama na kukaa. Ningeshika hata mkia wa punda kama ungenivuta kutoka pale.

Siku yenyewe niliomba ruhusa saa za mchana nikaenda kwa kinyozi aliyekuwa karibu na stendi, mtu wa Meru mwenye redio kubwa kuliko kioo chake. Nywele zangu zilikuwa rasta kuukuu, zimesukwa kabla ndugu yangu hajapotea na sasa zimeota mizizi mirefu, kwa sababu sikuwa na moyo wa kukaa saluni nikipigwa stori. Nilikuwa nimezifumua asubuhi, nikazifunga na kitambaa. Nilikifungua mbele yake.

"Nikate kiasi gani, madam?"

"Yote."

"Yote yote? Si nikuachie kidogo huku juu, ikuwe style?"

"Usiache kitu. Tumia wembe."

Alizima redio. "Ni joto ama ni stress?"

"Ni mwaka mpya."

"Machi hii?" Alicheka, akaiwasha tena redio, akaniwekea shuka shingoni. "Haya, happy new year."

Zilianguka mapajani zikiwa na vumbi la miezi yote ile. Wembe ulipopita, upepo wa feni ulinigusa ngozi ambayo haikuwa imeguswa tangu utotoni. Nilijitazama. Nilikuwa na kichwa kizuri, nani alijua! Nilitoka nje jua likiwa utosini kabisa, kivuli changu kimeingia chini ya viatu hata sikukiona, na nilifurahi. Nitarudia, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia: nilifurahi. Nilipanga nimpigie yule mwanamume, hata kama ni kumuaga tu. Nilipanga kutafuta kozi Nanyuki. Nilipanga chumba chenye dirisha. Nilinunua ndizi nikazila barabarani kama mtoto aliyetumwa dukani.

Karibu na kona ya kuingia ploti yetu kulikuwa na mama muuza makaa, Mturkana mwenzetu. Aliponiona aliinuka. Aliacha mteja na debe mkononi, akaja, akanishika viganja vyote viwili kwa mikono yake myeusi.

"Pole, mama," alisema. "Pole sana. Wamempata wapi?"

"Nani?" niliuliza. Niliuliza kweli, sikuwa nimeelewa.

Akaangalia kichwa changu, akaniangalia machoni, na hapo nikaelewa.

Kwetu mwanamke hanyoi kichwa chote hivi hivi. Mama yangu na mama zake hunyoa pembeni na kuacha za katikati, zilizosokotwa na kupakwa mafuta, na hizo hazishikwi. Akifa mtu wa nyumba, wembe hupita kote na shanga huvuliwa. Baba alipokufa mimi pia nilikalishwa chini nikanyolewa. Nilijua jambo hili kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa mtu wa mjini tangu sekondari, nywele zangu zilikuwa mali ya saluni na kioo, na siku ile nilikuwa nimeamua kwa nguvu zangu zote kujifikiria mimi peke yangu. Niliweza mno.

Kitambaa nilikuwa nimekiacha kwa kinyozi, kwa hiyo nilifungua sweta kiunoni nikajifunga kichwani, katika joto lile. Niliwaza kurudi dukani, nikawaza kulala kwa rafiki, ningojee ziote. Nywele huota kwa muda gani? Huku nikiwaza hayo miguu ilikuwa imeshanifikisha getini, nikasikia mtoto wa ploti akisema dada amekuja, na mama, pale mlangoni, akageuza uso. Alikuwa ameshasimama.

"Toa hiyo sweta," alisema.

"Mama, ngoja kwanza nikuambie."

"Toa."

Nilitoa.

Nilitarajia ukelele na haukuja. Aliinua mikono shingoni. Shanga zake zilikuwa zimefika chini ya kidevu, mkufu juu ya mkufu, za tangu alipoolewa, na alianza kuzivua mmoja baada ya mwingine bila kukata uzi, akiziweka sakafuni kwa utaratibu kama anayepanga vyombo. Sikuwa nimewahi kuona shingo ya mama. Ilikuwa nyembamba, rangi yake si ile ya uso, imejaa mistari, shingo ya mtu mdogo kabisa. Mkufu wa mwisho ulipotoka ndipo alipolia, na alilia kwa sauti iliyokuwa imefungiwa ndani miezi yote ile. Wanawake wa ploti walitoka kila mlango. Jirani yetu, mama Mborana wa chumba cha pili, alikuja na kikombe cha maji akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akishika miguu ya mama na kusema Mungu yupo, Mungu yupo.

"Si yeye!" nilipiga kelele. "Mama, hakuna habari! Hawajampata! Nimenyoa tu, ni mimi tu nimenyoa!"

Hakuna aliyenisikiliza. Mtu aliyefiwa husema maneno ya ajabu, watu humwacha aseme. Nilimshika mama mabega nikamtikisa, kitu ambacho sikuwahi kufanya.

"Mama, nisikie. Hakuna mtu ameniambia kitu."

Alinyamaza. Alinitazama kwa macho mekundu.

"Nani alikuambia unyoe?"

"Hakuna mtu."

"Msichana hawezi kuamka tu akanyoa. Nani alikuambia?"

Ningesema nini? Kinyozi? Joto? "Nyota," nilisema. "Ilikuwa kwa simu. Nyota ilisema leo ni siku ya kuacha yaliyokufa, nibadilishe mwili, nianze upya."

Nilidhani ataghadhabika, na nilitaka aghadhabike, anipige hata kofi, ili tucheke baadaye au tulie kwa sababu nyingine. Badala yake uso wake ulitulia. Niliona kitu kikishuka ndani yake kama mzigo unaoteremshwa punda.

"Basi imesema," alisema.

"Mama, haikusema yeye. Inasemea watu wote. Kila mtu wa Kondoo, dunia nzima."

"Mjomba wako alitupa viatu chini, vikasema anatembea. Viatu viko chini, vinaona wapi? Nyota ziko juu. Ziko juu ya Kipsing hata sasa, mchana huu, hatuzioni lakini ziko." Aliwaambia wale wanawake kwa Kiswahili chake cha mjini, ili wote wasikie: "Mtoto yangu amekufa. Dada yake ameambiwa."

Nilianza kubisha tena, na jirani Mborana akanikanyaga mguu, si kwa bahati mbaya. Nilimtazama. Alitikisa kichwa kidogo sana. Kisha nikamtazama mama, na nikaona alichokuwa ameona jirani. Mama alikuwa amekaa chini. Amekaa kabisa, mgongo kwa mlango, na geti lilikuwa linabishwa na mtu huko nje, na hakugeuka.

Alichoka kabla yangu. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye ninayezama na yeye ndiye jiwe, kumbe alikuwa anangoja mtu yeyote, mahali popote, amwambie kwamba anaruhusiwa kuacha. Hakuna aliyethubutu. Hata mjomba, nadhani, alisoma akala zile jinsi alivyotaka dada yake azisikie.

Wanawake walitandika mkeka. Mtu alileta wembe mpya, mwingine beseni. Mama alikataa wote.

"Aninyoe huyu," alisema, akalaza kichwa mapajani mwangu, pale pale ambapo nywele zangu zilikuwa zimeanguka saa moja iliyopita.

Nililowesha zile nywele za katikati. Zilinuka mafuta na moshi wa Kipsing. Ndani yangu nilikuwa nasema, simama, bado unaweza kusimama, yuko hai, labda yuko Wamba, labda yuko Maralal, labda anakuja sasa hivi na atakuta umemzika. Nilipitisha wembe mara moja. Msokoto wa kwanza ulianguka kwenye beseni.

"Nyota ilisema aliumia?" mama aliuliza. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Nilitafuta jibu ambalo si uongo, na halikuwepo.

"Hapana, mama," nilisema. "Alikuwa amelala."

"Alikuwa na njaa?"

"Alikuwa amekunywa maziwa."

Alishusha pumzi ndefu, na uzito wote wa kichwa chake ukaniingia mapajani.

"Endelea," alisema. "Nyuma bado."